Sakaya na Fimbo za Bwawani

Mimi kwetu ni Singida, nimekulia jirani na ziwa, na samaki nimemla kabla sijaota meno ya kutosha kumtafuna. Kwa hiyo nilipokuja Karatu kupika kwenye nyumba ya wageni ya shamba moja la kahawa, nikamkuta Mmasai amekaa kwenye boti anatoa ndoano mdomoni mwa samaki, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mmasai na samaki hawaivi chungu kimoja, kila mtu anajua. Wao samaki wanamhesabu ukoo mmoja na nyoka. Nikamuuliza Patrisi, Mwiraqw wa Mbulumbulu ambaye ndiye mpiga makasia wetu, ni nani aliyemroga yule kijana. Patrisi akaniambia nisubiri nimjue kwanza, kicheko kitakwisha chenyewe. Na kweli kilikwisha.

Huyo ndiye Sakaya. Alizaliwa Nainokanoka, juu kule ndani ya Ngorongoro ambako baridi inakuingia mpaka kwenye fizi. Ni mtoto wa kwanza wa kiume nyumbani kwao. Alisoma hadi darasa la saba, akachunga ng'ombe wa baba yake, akawa morani, na ukimwacha azungumze atakueleza habari za ndama na kondoo mpaka chai yako ipoe. Ukame ulipozidi, baba yake alimwambia ateremke Karatu atafute kazi ya ulinzi, awe anapeleka mahindi nyumbani, na mvua ikikaa sawa arudi kwenye mifugo. Akateremka na rungu lake na blanketi. Hapa shambani wakampa tochi na koti, wakamweka getini, na kwa muda alikuwa mtu mwenye raha zake.

Kilichomponza ni sura. Wageni wakifika getini walikuwa hawaingii ndani kabla hawajapiga naye picha. Meneja wetu, Bwana Elimringi, mtu wa Kilimanjaro mwenye maneno laini, aliliona hilo. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti, na ndiyo maana namwogopa. Wakati huohuo alikuwa anatafuta kitu cha kuwashughulisha wageni wakisharudi kutoka Kreta ya Ngorongoro, maana wakikaa bure wanaanza kulalamikia supu yangu. Akalikumbuka bwawa la kumwagilia kahawa. Akanunua boti, akaagiza fimbo za kuvulia kutoka Arusha, na aliyewekwa nyuma ya boti na shuka lake jekundu ni Sakaya.

“Nilimweleza bosi kwamba sisi samaki hatugusi,” Sakaya aliniambia. “Akasema vizuri sana, ndiyo maana wageni watapenda.”

Niseme kidogo kuhusu samaki wenyewe, la sivyo hutaelewa jambo lililotokea. Waliletwa na mkulima fulani wa zamani, hakuna anayejua aliwatoa wapi. Ni wapana, wa kung'aa, wenye madoadoa meusi, na mdomo wao ni mwembamba mno, ukimwinua mmoja juani unaona mwanga unapita. Sisi tuliwaita mdomo-karatasi. Hawavuliwi kwa mnyoo na kusubiri. Wanavuliwa kwa kukokota: Patrisi anapiga makasia polepole, na nyuma ya boti vinavutwa visamaki vya plastiki vyenye kidevu mbele. Kile kidevu kinakata maji, kinakifanya kisamaki kizame na kutikisika kama kilicho hai. Fimbo zinachomekwa kwenye vishikio kando ya boti, mbili huku na mbili kule, na kazi ya Sakaya ilikuwa kuchagua fimbo zipi ziende majini siku hiyo, kuzitazama ncha, na samaki akikamata, kumtoa.

Mwanzoni alichagua kama anavyochagua fimbo ya kuchungia. Aliinua moja moja, akafumba jicho kuona kama imenyooka, akaisimamisha chini akaikandamiza kwa kiganja. Iliyopinda aliiweka pembeni. Kwake fimbo inayopinda ni ya watoto wanaochunga mbuzi karibu na boma, mtu mzima haendi nayo porini. Zile ngumu, nyeusi, zisizotikisika, ndizo alizozipeleka bwawani, na akazipeleka kwa majivuno. Wiki nzima wageni walirudi mikono mitupu. Samaki walikuwa wanakamata, fimbo zinagutuka, halafu kimya. Jikoni tulimcheka na Patrisi akamcheka zaidi, akisema Mmasai amewatandika samaki viboko wamekimbia.

Akatokea bibi mmoja wa Kimarekani, mwembamba, kofia kubwa, magoti mabovu. Alipomwona yule samaki alifurahi kama aliyekutana na mtu wa kijijini kwao. Kwao wanamwita krapi, akasema, na marehemu mume wake alikuwa hana kazi nyingine Jumamosi. Alitembea na fimbo zake mwenyewe, ndefu, za rangi ya asali, laini hata ukiipunga moja inaendelea kucheza peke yake. Akamkalisha Sakaya kwenye ngazi ya veranda akamfundisha, na mpokea wageni akawa mkalimani. Boti inatembea, alimwambia, kwa hiyo samaki anajinasa mwenyewe. Mkono usivute. Fimbo ngumu inamgomea palepale akikamata, na mdomo kama ule unachanika. Fimbo laini inapinda pamoja naye, kuanzia nchani hadi katikati, inamfuata anakokwenda mpaka anachoka. Akamwonyesha kwamba fimbo zote ziwe na ulaini mmoja, ili mojawapo ikiinama tofauti na nyingine ujue kuna samaki. Ndefu zitoke kwa pembeni, fupi zikae nyuma, nyuzi zisipandane. Na ncha iwe nyembamba kiasi cha kuonyesha mtetemo wa kile kisamaki cha plastiki, maana ukikoma kutetema ujue kimekokota majani. Alipoondoka alituachia fimbo zake zote.

Tangu siku hiyo Sakaya alikuwa fundi, na huo ndio ukawa mwisho wake. Wageni wakawa wanarudi na samaki, wanasimulia wakifika kwao, wanakuja wengine wanamtaja kwa jina. Angeendelea kuwa mbovu angerudishwa getini kulinda. Nilimwambia hivyo kwa utani, naye akanitazama vibaya mpaka nikaacha.

Bwawa lenyewe ni dogo. Ukizunguka mara moja umeshaliona lote: ukingo wa udongo, matete, pampu, mti mmoja wa mkaratusi, ukingo tena. Wao walizunguka asubuhi na walizunguka jioni. Kutoka dirisha la jiko langu nilikuwa naiona boti ikipita, shuka jekundu na juu yake jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa, anageuza kichwa taratibu kutoka fimbo hii kwenda ile. Juu ya mashamba unaona mlima wa kwao, asubuhi ikiwa safi. Yeye, boti ikiondoka, alikaa akiupa mgongo. Nilidhani ni bahati ya kiti. Patrisi akaniambia hapana, aliomba mwenyewe wabadilishe upande wa kuanzia.

Akitoka majini alikuja moja kwa moja mlango wa nyuma wa jiko. Nilikuwa namwekea maganda ya limau na machicha ya kahawa, anasugua mikono, ananusa, anasugua tena. Nikamwambia mikono haina harufu yoyote, kijana wee, utajichubua. Akasema harufu anaisikia yeye. Nyumbani walijua bado analinda geti. Kila alipokwenda likizo na gunia la mahindi alikuwa anaoga siku mbili mfululizo kabla ya safari, na akifika, mtoto wa dada yake akitaka kushikwa mkono alikuwa anaubana mkono ndani ya shuka. Nilikasirika niliposikia hilo. Mimi sina subira na miiko ya chakula ya watu wengine, lakini mtu kumficha mtoto mkono wake ni jambo la kuumiza roho.

Nikamuuliza kwa nini asiache kazi. Akasema baba yake alimtuma kuleta mahindi, hawezi kurudi kwa kuchoka tu, mtu mzima hachoki. Lakini siku baba yake akijua ni kazi gani anaifanya, atamwita nyumbani siku hiyohiyo, na mtu akiitwa na baba yake hakuna meneja wa kumzuia. Aliliogopa jambo hilo kuliko simba, na papo hapo ndilo alilolitegemea. Alikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na mlango wenyewe ulikuwa wa aibu. Sasa mtu wa namna hiyo utamsaidiaje?

Kwa Bwana Elimringi alikwenda zaidi ya mara moja kuomba arudishwe getini. Alipokelewa vizuri kila mara. Aliambiwa getini kuna baridi, kwamba watu wanamthamini, kwamba kuna wageni wa mwezi ujao wanakuja kwa ajili yake, wakishaondoka watazungumza. Alitoka ofisini na chupa ya soda mkononi. Mtu akifukuzwa angalau anajua amefukuzwa.

Halafu likaja suala la bango. Bwana Elimringi alitukusanya akatutangazia kwamba litawekwa bango kubwa pale barabara yetu ya vumbi inapotokea kwenye lami, njia ya kwenda geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro. Kila gari la watalii linapita pale. Kwenye bango atakuwepo Sakaya, ameshika samaki. Mpiga picha anaitwa Eliud, anatoka Arusha, anakuja Jumamosi.

Kila gari la watalii linapita pale, sawa. Na kila basi na kila lori linaloteremsha watu wa Ngorongoro kwenye mnada wa Karatu linapita palepale. Nilimtazama Sakaya, uso wake ulikuwa umesawijika. Kujulikana na baba yake faraghani, akaitwa nyumbani akainamisha kichwa, hilo alikuwa amelipanga moyoni. Lakini kuning'inizwa barabarani na samaki mkononi mbele ya rika lake lote, wanawake wa kwao na wachuuzi wa mbuzi, hilo hapana. Hakubisha. Hapa shambani sijaona mtu anayembishia Bwana Elimringi, maana hakupi mahali pa kubishia.

Jumamosi asubuhi nilikuwa namenya viazi nje. Stoo ya fimbo inatazamana na mlango wangu. Sakaya alifungua, akatoa zile za bibi wa Kimarekani, za rangi ya asali, akazipanga ukutani. Akazitazama kitambo. Kisha akazirudisha ndani, moja moja, kwa uangalifu kama anayelaza watoto, akatoa zile nyeusi alizozipenda mwanzo. Akazipuliza vumbi. Akazikandamiza chini na kiganja, na hazikupinda.

“Sakaya,” nikamwambia, “hizo ndizo za kuchana mdomo.”

“Najua, dada.”

Akazibeba akaondoka. Nilibaki na kisu mkononi. Ningeweza kusema neno, na mpokea wageni alikuwa anapita palepale, lakini nikaendelea kumenya viazi.

Nilitumwa niende ukingoni na kikapu cha mikate na matunda ili na chenyewe kionekane kwenye picha. Bwawa lile ni dogo hivi kwamba mtu akikohoa kwenye boti wewe uliye nchi kavu unamwombea afya. Patrisi alikuwa kwenye makasia. Mgeni mmoja wa Ubelgiji, mnene, mchangamfu, alikaa katikati. Eliud alikuwa mbele na kamera yake, kijana wa mjini, suruali ya kubana, kila kitu kwake ni poa. Sakaya nyuma. Bwana Elimringi alisimama karibu yangu na miwani ya jua.

Mzunguko wa kwanza fimbo ya kushoto iligutuka, tap, Mbelgiji akapiga kelele za furaha, uzi ukalegea. Mzunguko wa pili hivyohivyo kulia. Sakaya aliuvuta uzi ndani, na kwenye ndoano nikaona kitu kinang'aa kidogo, kipande cha mdomo, chembamba kama ganda la kitunguu. Alikitazama. Nilimwona usoni kwamba hakukipenda. Yeye ni mchungaji, mnyama kuumia bure kwake si mchezo. Akakifinya akakitupa majini upesi, akakirudisha kisamaki cha plastiki kazini. Patrisi alikuwa amegeuza shingo, ameona fimbo ni zipi na ameona yote. Wairaqw na Wamasai wana maneno yao ya siku nyingi, na Patrisi hakosi la kumtupia Sakaya. Siku hiyo hakusema. Alichofanya ni kuongeza kasi kidogo ya makasia, na kwa fimbo ngumu, kasi ikiongezeka ndiyo samaki anachanika kabisa.

Walizunguka mpaka jua likawa kali na mikate yangu ikakauka. Hakuingia samaki hata mmoja. Sakaya alitoka kwenye boti amenyooka mgongo. Nilikuwa sijawahi kumwona anatoka vile.

Bwana Elimringi hakukasirika. Alimwuliza Eliud kama wafanye siku nyingine. Eliud akasema hakuna shida bosi, tupige mbili tatu hapa ukingoni, mwanga ni mzuri. Akamsimamisha Sakaya maji yakiwa nyuma yake. Akamwambia asogeze bega, anyanyue kidevu. Kisha akamwambia afungue mikono mbele ya kifua.

“Fanya kama umebeba mwana-kondoo,” akasema. “Aliyezaliwa leo leo.”

Uso wa Sakaya ukafunguka. Mikono ikajipanga yenyewe, mmoja chini ya kifua cha mnyama, mwingine nyuma ya miguu, vidole vimelegea visimbane. Akainamisha kichwa kidogo upande, kama anayesikiliza yule mwana-kondoo anapumua. Akatabasamu. Nimekaa naye muda mrefu, nimemtania, nimempikia, tabasamu lile lilikuwa geni kwangu. Eliud akapiga picha nyingi, akasema poa sana, akafunga begi lake. Mimi nilirudi jikoni nimefurahi. Nilijua mtoto wa watu ameponea chupuchupu, na nikampelekea chai yenye maziwa mengi.

Bango likasimamishwa. Aliyeleta habari ni Patrisi, alikuwa ametoka kwao kwa baiskeli. Alisimama mlangoni kwangu hana utani, akasema twende tukaangalie. Sakaya akaja nasi.

Lilikuwa kubwa kama ukuta wa nyumba. Yuko Sakaya, shuka jekundu, kichwa upande, lile tabasamu lake. Na mikononi mwake, amelala vizuri, amewekewa samaki. Wala si mdomo-karatasi. Ni dubwana la baharini, la fedha, refu kuliko mtoto wa darasa la kwanza, sijui wamelitoa kwenye picha gani. Vidole vya Sakaya vimelegea chini yake ili visilibane. Yeye analitazama kwa mapenzi.

Lori la mizigo likapita, dereva akapunguza mwendo, akapiga honi, akapunga mkono. Wote walioko juu ya turubai walikuwa na mashuka ya Kimasai.

Simu zilianza siku ya mnada. Wenzake wa rika walimpigia wakicheka mpaka hawasikiki, mmoja akamwuliza kama ni kweli ameoa majini. Sakaya alisikiliza, akazima simu. Nilitegemea atavunjika. Lakini jioni nilimkuta kwenye chumba chake amekunja blanketi, amefunga vitu vyake kwenye kifurushi, koti la ulinzi amelikunja juu ya kitanda ili alirudishe. Alikuwa mwepesi, karibu mchangamfu. Aibu imeshaingia, akaniambia, haina pa kuzidi. Sasa baba ataita. Akaniomba nimtunzie Patrisi, nisimwachie mtu mwingine amkalie kimbelembele kwenye boti. Akasema kondoo watakuwa wanazaa karibu na wakati huu. Nikamfungia mkate wa njia.

Baba yake hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, siku ya pili yake, alipokuwa anarudi kutoka mnadani, baada ya kulala mjini. Mzee mrefu, koti la zamani juu ya shuka, makubadhi ya tairi, masikio marefu yasiyo na hereni. Alikuwa hajawahi kufika. Bwana Elimringi alimtolea kiti cha veranda, mwenyewe akasimama kando kwa heshima. Mzee alikataa kiti. Sakaya akatoka chumbani na kifurushi begani, akakiweka chini, akasogea akainamisha kichwa. Mzee akamwekea kiganja utosini, kama wanavyoamkiana, akakiacha hapo zaidi ya kawaida. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la chai ambalo hakuna aliyelitaka. Mzee alizungumza Kiswahili, kile cha mnadani, nadhani kwa sababu tulikuwepo na hakutaka tudhani anatusema.

“Nimeiona picha,” akasema. “Wakati wa kushuka, na wakati wa kupanda nimeteremka kwenye gari nikaiona tena.”

“Yule samaki sikumshika, baba.”

“Ulishika nini?”

Nilimwona Sakaya anatazama mikono yake.

“Mwana-kondoo,” akasema. “Nilijifanya.”

Mzee alikiangalia kifurushi, akaangalia kahawa, akaangalia kule chini kwenye bwawa ambako boti ilikuwa imefungwa. Nilidhani anatafuta maneno ya kumkaripia mwanawe mbele ya watu wa kabila lingine. Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kusema jambo lake mwenyewe.

“Hakuna kondoo, Sakaya,” akasema. “Wamekwisha. Na ng'ombe wamekwisha. Uliowaona ulipokuja ni wa jirani, tuliwaomba walale kwetu usiharibikiwe moyo. Tunakula hayo mahindi yako.”

Hata Bwana Elimringi aliinamisha macho, namshukuru kwa hilo na si kwa lingine.

Mzee akashika mikono ya mwanawe, yote miwili, akaigeuza viganja vikaangalia juu. Akainama, akavitemea mate kidogo, cheche tu, kimoja kisha cha pili. Kwao huo ni uzito, ni baraka ya baba. Alisema maneno ya Kimasai ambayo sikuyaelewa, polepole, akirudia. Kisha akasema moja la Kiswahili, na hilo sote tulilisikia.

“Kama ni samaki, mshike.”

Nikampa mzee ule mkate niliomfungia Sakaya, maana mikono yangu ilikuwa inatafuta cha kufanya. Aliupokea, akatuaga mmoja mmoja, akaenda kusimamisha gari barabarani. Sakaya hakumsindikiza. Alibaki verandani amenyoosha mikono mbele, viganja juu, mbali na shuka. Huwezi kuifuta baraka ya baba, lazima ikukaukie. Nilitamani atukane, atupe kitu, au angalau alie nami nilie. Wageni wawili walikuwa wameshatoka vyumbani na kofia zao, mmoja amemtambua, anamwonyesha mwenzake kwa kidole. Bwana Elimringi akaniambia kwa sauti yake ileile ya chini nikirudishe kifurushi chumbani.

Nilikirudisha. Kilikuwa chepesi mno. Nilipotoka, Sakaya alikuwa anateremka kuelekea bwawani mbele ya wageni, na mikono bado ameibeba vilevile, mitupu, na mimi nikashindwa kumwangalia.